Mwanzi wa Mama, Maji ya Kaka

Mgori hakuna mmea usioulizwa kazi yake. Mwembe hujibu kwa maembe, mwarobaini kwa kivuli na dawa, mnyaa kwa kuwa uzio. Hata matawi ya miiba yana ajira: yanazuia mbuzi wasiingie kwenye mtama. Tuko mashariki ya mji wa Singida, katika ukanda ambao mvua ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha anga linafungwa kama duka la mtu aliyesafiri. Mahali pa namna hiyo mtu hapandi kitu kwa sababu tu kinapendeza. Maji ya kukipa hicho kitu yatatoka wapi?

Mama yangu alipanda.

Ilikuwa 2003. Alirudi kutoka msibani kwao Morogoro na kipande cha mwanzi chenye urefu wa mkono, kimefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji. Alikuwa amekipakata ndani ya basi kama mtoto. Haukuwa mwanzi wa kijani. Ulikuwa ule wa njano wenye mistari ya kijani, kama vile mtu ameupaka rangi akiwa na haraka, ambao mijini unaonekana kwenye bustani za hoteli na mbele ya ofisi za watu wakubwa. Alichimba shimo nyuma ya bafu la nje, mahali maji ya kuogea yanapotokea, akakilaza kile kipande, akakifukia. Majirani walipouliza kazi yake, mama, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alizoea kuulizwa maswali, alijibu neno moja: "Pambo."

Neno lile lilitusumbua nyumbani kwa karibu miaka ishirini.

*

Jina lake la kitaalamu ni Bambusa vulgaris, yaani mwanzi wa kawaida. Asili yake ni kusini mwa China na Asia ya Kusini-Mashariki, lakini umepandwa karibu kila nchi ya joto hadi watu wameuzoea kama wa kwao. Mwanzi wenyewe si mti. Ni nyasi, wa ukoo mmoja na mahindi, mtama na uwele. Mara ya kwanza nilipolisoma hilo nilicheka, kwa sababu lilimaanisha kwamba mama, aliyetaniwa kwa kupanda kitu cha ajabu, alikuwa amepanda nyasi ndefu katikati ya watu wanaoishi kwa nyasi fupi.

Kuna mianzi ya tabia mbili. Ipo inayotambaa chini kwa chini: unaipanda kwako, baada ya miaka michache inachomoza sebuleni kwa jirani. Huko Ulaya na Marekani majirani hufikishana mahakamani kwa ajili yake. Na ipo inayokaa kichaka. Hii ya pili, na wa mama ni mmojawapo, shina lake la chini ya udongo ni fupi na nene kama tangawizi. Linasogea kidogo tu, kisha linageuka kwenda juu na kuwa mwanzi mpya. Kichaka kinanenepa polepole kuelekea nje, lakini hakihami.

Jambo lililonishangaza zaidi ni la chipukizi. Linatoka ardhini likiwa na unene wake wote. Mwanzi hauanzi mwembamba ukanenepa kama mti. Unazaliwa na kiuno chake cha utu uzima, unamaliza urefu wake ndani ya miezi michache, kisha unatumia miaka mitatu au minne kukomaa tu, bila kuongeza hata sentimita. Kwingine kwenye maji ya kutosha aina hii hufika mita kumi hadi ishirini. Wa kwetu haukufika hata nane. Ila ulisimama pale, wa njano, mwezi wa Septemba na Oktoba, wakati kila kitu kingine Mgori kina rangi ya vumbi.

Mama alikuwa na kiti chake pale. Jioni, baada ya kusahihisha madaftari, alikaa akisikiliza majani. Upepo ukipita, mianzi inagongana na kutoa sauti kama ya mtu anayepanga vyombo taratibu ili asiwaamshe waliolala. Alisema ni sauti ya kwao.

*

Baba aliukubali mwanzi kwa sababu zake mwenyewe, na sababu hizo zilitoka msituni.

Msitu wa Mgori ni miombo, takribani hekta 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa kwenye mpango wa kufanywa hifadhi ya serikali. Yaliyotokea ni mengine: katikati ya muongo huo vijiji vitano vinavyopakana nao, yaani Pohama, Ngimu, Unyampanda, Nduamghanga na Mughunga, vilichukua ulinzi wake, kila kijiji na kipande chake, kamati yake, sheria zake ndogo na vijana wake wa doria. Pamoja na Duru-Haitemba kule Babati, Mgori ikawa moja ya mifano ya kwanza nchini ya msitu unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe, miaka kadhaa kabla ya Sheria ya Misitu ya 2002 kuipa misitu ya vijiji nafasi yake kisheria.

Baba alikuwa mmoja wa watu wa kamati. Nimekua nikisikia mezani maneno ambayo watoto wengine walisikia ofisini tu: kibali, faini, mpaka, doria. Na nimekua nikijua kwamba kulinda msitu si kuwapenda ndege. Ni kumwambia jirani yako, ambaye kesho utamwomba chumvi, kwamba hawezi kwenda kukata nguzo za nyumba ya mwanawe anayeoa. Jirani anauliza: nikakate wapi sasa? Baba hakuwa na jibu zuri la swali hilo.

Ndiyo maana alipoutazama mwanzi wa mama hakuona pambo. Aliona fito. Alizunguka kichaka akihesabu kwa kidole, akapiga hesabu kwa sauti: ikiwa kila nyumba ina vichaka viwili, na kila kichaka kinatoa mianzi mitano kwa mwaka, ni fito ngapi zitabaki msituni? Mama alikuwa akimwambia, "Baba watoto, wewe ukiona ua unahesabu mbegu."

Alijua pia habari za Iringa. Kule, miaka ya 1970 na 1980, mianzi ilitobolewa vifundo vyake vya ndani, ikaungwa na kufukiwa kuwa mabomba ya kupeleka maji vijijini. Baba aliipenda sana habari hiyo. Aliisimulia kwa wageni huku akionyesha kichaka chetu kama vile nacho kilikuwa kwenye mradi.

Kaka yangu hakuipenda. Iringa mwanzi ulileta maji. Kwetu ulikunywa.

*

Hapa ndipo lazima niseme jambo ambalo kwenye picha za mianzi mizuri halionekani. Maji ya bafu yalitosha mvua ilipokuwa inanyesha, yaani wakati hayakuhitajika. Kufika Septemba watu wa kwetu wanaoga kwa maji ya kikombe. Mama akaweka utaratibu: kila Jumamosi, ndoo mbili za ziada kwa mwanzi. Mchotaji alikuwa kaka, kwa baiskeli, madumu manne ya lita ishirini, kutoka visima vinavyochimbwa kwenye mchanga wa mto uliokauka. Unachimba, unasubiri maji yajikusanye, unakinga kwa kata, unasubiri tena. Mlango wa saa nne kuondoka, saa nane kurudi, na katika madumu manne, mawili yalikuwa ya kitu ambacho mwenyewe aliyekipanda alisema ni pambo.

Kaka alikuwa na miaka kumi na mitano. Mimi nilikuwa na tisa, nilikuwa mtoto wa kukaa kivulini na mama. Tuliuona mwanzi uleule kutoka pande mbili.

Naandika hili kwa sababu sisi tuliosoma tunapenda kuzungumzia uzuri kana kwamba unajiotea wenyewe. Tunapiga picha bustani, hatuulizi nani anamwagilia. Kila pambo lina mtu wake mwenye dumu.

*

Matumizi yalikuja yenyewe, taratibu, bila mama kuyatafuta. Kichaka kilipofika umri wa miaka mitano kilibanana, na ilibidi kipunguzwe ili kipumue. Mianzi iliyotoka ikawa kichanja cha kuanikia vyombo. Mwaka uliofuata ikawa ngazi ya kupandia darini. Mmoja ulipasuliwa katikati, ukatolewa vifundo vya ndani, ukafungwa chini ya ukingo wa bati kuwa mfereji wa kukinga mvua. Baba akajenga banda la kuku, lote la mwanzi, akalifurahia kuliko nyumba.

Banda halikumaliza mwaka wa pili. Vumbi jepesi kama unga lilianza kudondoka kwenye migongo ya kuku. Ukigonga ufito unasikia ni mtupu. Kila mkulima wa Singida anaujua unga ule, maana ndio anaoukuta ghalani siku anapofungua gunia la mahindi na kukuta dumuzi amemtangulia. Nami nilipokuja kusoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, nilijifunza kwamba kufanana huko si bahati mbaya. Mdudu mdogo anayetoboa mianzi ni wa familia moja na dumuzi, yule aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wote wawili wanafuata wanga. Mwanzi wa aina ya mama una wanga mwingi, kwa hiyo ukiukata ovyo unamkaribisha mezani.

Dawa zake zipo, na nyingi hazihitaji duka. Usikate mwanzi mchanga: wa mwaka wa kwanza una maji tu, wa tatu na kuendelea ndio umekomaa. Kata kiangazi, kabla machipukizi hayajaanza. Kata juu kidogo ya kifundo cha kwanza au cha pili kutoka chini, ili kisiki kisigeuke bakuli la kutuamisha maji na kuozesha kichaka. Ukishakata, usiuangushe. Uegemeze kwa wenzake, majani yakiwa bado juu, kitako juu ya jiwe, wiki mbili au tatu. Majani yanaendelea kupumua na kula akiba iliyobaki ndani. Wenye maji ya kutosha huiloweka mtoni kwa wiki kadhaa ili wanga utoke. Wenye fedha hutumia mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki. Wenye jiko la kuni huitundika juu ya moshi. Kwetu maji hayakuwepo, fedha haikuwepo. Moshi ulikuwepo.

Ili kujua upi una umri gani, niliporudi likizo nilianza kuiwekea alama. Kila chipukizi lililokomaa urefu nililipiga mstari wa rangi chini, na kuandika mwaka. Kaka alinitazama akasema, "Sasa unaipa na vyeti vya kuzaliwa."

Chakula? Machipukizi ya aina hii yanaliwa huko Asia, lakini yana sumu ileile inayopatikana kwenye muhogo mchungu, na lazima yachemshwe vizuri, maji yamwagwe. Mama hakutaka hata kusikia. Wala ulanzi hatukuwahi kugema; kinywaji kile cha nyanda za juu kusini kinatokana na aina nyingine ya mwanzi. Wazee wa kwetu walipopata habari hiyo walisikitika kwa dhati.

*

Baba alifariki 2012. Mama alimfuata 2021. Baada ya arobaini, ukoo ulikaa.

Kwa kina mama, Uluguruni, ukoo unahesabiwa upande wa mama, na ardhi hufuata njia hiyo. Kwetu Unyaturu unahesabiwa upande wa baba. Mimi ni mtoto wa mila hizo mbili, na siku ile nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wa mila moja tu. Baba mdogo, mtu mwema aliyenilea, alinigeukia kwa upole: "Wewe mwanangu utakuwa na kwako." Niliwaeleza, kwa adabu niliyofundishwa na marehemu, kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi. Kukawa kimya. Sheria ni kitu kizuri, lakini ukiitaja mbele ya wajomba na baba wadogo inakuwa kama kuwasha taa kali kwenye chumba cha mgonjwa.

Mwisho walinipa kipande. Kilikuwa nyuma ya bafu, chembamba, kutoka kwenye kichaka hadi njia. Nadhani walinipa kwa sababu hakuna aliyekitaka. Kaka alikuwa amepanga kung'oa kichaka chote na kujenga fremu mbili za biashara zinazotazama njia, na sasa mpaka wangu ulipita katikati ya mpango wake.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja. Nilikuwa na hesabu za baba, fito, ngazi, uzio. Nilikuwa na mambo ya udongo, namna mizizi mingi myembamba ya mwanzi inavyoshika ukingo wa korongo. Nilianza kuyasema. Kaka alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mdogo wangu, kila mwanzi uliosimama pale una dumu langu ndani."

Hakuna hesabu inayojibu hilo. Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nataka kurithi jioni za mama. Yeye ndiye aliyezilipia Jumamosi zake. Kama mama angeuliza siku ile nani ana haki na kichaka, nadhani naye angenyamaza.

Kwa hiyo nilimwambia: kichaka kibaki kwenye kipande changu, lakini mianzi ni yako. Kila kiangazi kata iliyofika miaka mitatu. Usiniulize, usinigawie.

Alifikiri kwa siku mbili. Kisha akauliza kama anaweza kuchukua na vipande vya kupanda.

*

Swali lake lilikuwa na uzito kuliko alivyojua. Mwanzi huu huchanua kwa nadra sana, na hata ukichanua hauzai mbegu. Hakuna namna ya kuuotesha kutoka kwenye mbegu ya kununua. Unaongezeka kwa njia moja: kukatwa kipande na kupandwa kwingine. Maana yake kile kichaka cha Mgori kilikuwa bado ni mwili uleule wa kichaka cha nyumbani kwa bibi Morogoro, nacho kilikuwa kipande cha kingine, hadi huko mashariki ya mbali. Ukoo wa mama ulikuwa umefika kwetu kwa njia ya kukatwa.

Kaka alichukua vipande sita, kila kimoja na vifundo viwili au vitatu, kutoka kwenye mwanzi wa miaka miwili. Hakuvipanda mbele ya nyumba. Alivipeleka kwenye korongo linalokula shamba la alizeti la baba, ambalo kila masika linasogea hatua kadhaa kuelekea kwenye mazao. Alivilaza ukingoni mwanzoni mwa mvua, mahali maji yanapopita yenyewe. Vinne vimeshika. Bado ni vichaka vidogo, na korongo ni kubwa, sitasema limesimama. Lakini upande ule udongo umeanza kujikusanya nyuma ya mashina badala ya kuondoka na maji. Na hakuna mtoto anayebeba dumu kwa ajili yake.

Mianzi inayokomaa kwenye kichaka cha mama anaiegemeza, anaikausha, anaipasua na kusuka matenga. Singida inauza kuku hadi Dar es Salaam, na kuku hawasafiri bila tenga. Wachuuzi wanayachukua siku ya mnada. Si utajiri, lakini ni ada ya shule ya mwanawe mmoja, na ni fito ambazo hazikutoka msituni. Baba angepiga hesabu kwa sauti.

Fremu alizijenga, moja badala ya mbili, upande wa pili wa njia.

Mimi naishi Dodoma na ninakwenda Mgori mara mbili au tatu kwa mwaka. Kiti cha mama kilishavunjika, nakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kaka hajawahi kusema kwamba kichaka kile kinapendeza, wala sijamuuliza. Ila safari iliyopita nilihesabu alama zangu za rangi na kukuta kwamba upande unaotazama bafu, pale mama alipokuwa anakaa, kuna mianzi mitano mirefu, ya njano kabisa, yenye mwaka 2020 chini. Ilipaswa kuwa matenga zamani. Nilipomwonyesha, aliitazama kidogo, akageukia kazi yake ya kupasua fito.

"Hiyo," alisema, "bado michanga."